Mapenzi Wakati wa Kafyu

Tarehe 14 Februari 1984, Bealu Girma alitoka nyumbani kwake Addis Ababa na Volkswagen yake, na hakurudi. Gari likaja kukutwa limeachwa kando ya barabara ya Debre Zeit. Mwenyewe hakuonekana tena, si mzima si maiti. Alikuwa hajafikisha miaka 50, ana mke na watoto watatu, na kosa lake, kwa hukumu ya mitaani maana mahakamani hakufikishwa, lilikuwa riwaya moja ya mapenzi aliyoiandika.

Nasema ya mapenzi makusudi. Ukiwauliza wahakiki watakuambia *Oromay* ni riwaya ya vita na propaganda. Ni kweli. Lakini walionihadithia habari zake kwa mara ya kwanza hawakuanza na vita. Walianza na Fiammetta, msichana wa Asmara, na yule mtangazaji wa televisheni aitwaye Tsegaye, aliyemwacha mchumba wake Roman kule Addis akaenda kunaswa na huyu.

Walionihadithia walikuwa wanafunzi wangu, na hawakuwa watoto. Mchana nilikuwa mwalimu wa sekondari; jioni nilifundisha Kiswahili katika chumba cha kukodi Eastleigh, Nairobi, juu ya duka la vitambaa. Waliokuja ni Waethiopia waliomiminika Kenya baada ya Mei 1991, Mengistu Haile Mariam alipokimbia nchi yake. Mengistu mwenyewe alipitia hapa hapa Nairobi kabla ya kuendelea na safari hadi Harare, na kila nilipochelewa darasani kulikuwa na mmoja wa kunikumbusha: "Hata Mengistu alifika Nairobi kabla yako, Mwalimu." Wengine walikuwa wametokea kambi ya Walda, kule upande wa Moyale. Walitaka Kiswahili cha kununulia nyanya na cha kumjibu polisi anayeomba kitambulisho.

Kilikuwa chumba kigumu. Ndani yake mlikuwa na askari wa jeshi lililoshindwa, karani wa wizara, vijana wa chuo kikuu, na mama mmoja aliyeuza injera, mkate wa kwao, mtaani Pangani. Waliotumikia serikali ile walikaa upande wa dirisha na waliofungwa nayo wakakaa upande wa mlango, na hakuna aliyewapanga hivyo. Nilipofundisha wakati uliopita niliwataka kila mmoja atunge sentensi mbili, moja ya kukubali na moja ya kukanusha. Wengi waliandika mambo ya soko na matatu. Yule mama akaandika: "Ndugu yangu alikwenda kebele. Hakurudi." Sarufi ilikuwa sahihi. Nikatia alama ya vema, nikachukua daftari lililofuata nikajifanya nasoma.

Kebele ndiyo inayohitaji maelezo kabla ya mapenzi, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini watu walipendana kwa hofu namna ile. Mfalme Haile Selassie alipinduliwa tarehe 12 Septemba 1974, akatolewa kwenye kasri lake ndani ya Volkswagen ndogo mbele ya macho ya watu. Wenye madaraka sasa walikuwa Dergi, yaani kamati ya wanajeshi kama 120 hivi, wengi wao maofisa wa vyeo vya chini. Machi 1975 walitaifisha ardhi ya mashambani. Julai mwaka huo huo wakataifisha ardhi ya mijini na nyumba zote za ziada, kila familia ikabaki na moja ya kulala. Wakazi wa mitaa wakapangwa katika vyama, na chama cha mtaa ndicho kebele.

Sitaki kuipita furaha ya miaka ile kimya kimya. Mkulima aliyekuwa akimpelekea bwana sehemu kubwa ya mavuno aliacha kupeleka. Mpangaji wa kibanda cha Addis aliona kodi yake ikishuka. Wanafunzi na walimu wapatao 60,000 walipelekwa vijijini kufundisha watu kusoma na kuchimba vyoo, na wengi wao walikwenda kwa hiari, wanaimba. Hata wale wa upande wa mlango, waliokuja kupigwa nyayo kwa viboko, macho yao yaling'aa walipoukumbuka mwaka huo wa kwanza.

Halafu kebele ikapewa duka la kugawa sukari, nafaka na sabuni kwa kadi. Halafu ikapewa walinzi wenye bunduki. Halafu ikapata chumba cha kufungia watu. Ofisi iliyokupa sukari asubuhi ndiyo iliyokuja usiku kupasua godoro lako ikitafuta karatasi. Na karani aliyekupimia sukari alijua mnakula wangapi, kwa hiyo alijua pia ukiongeza mmoja.

Jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali ni hili: waliouana walikuwa wasomaji wa vitabu vilevile. Dergi ilijitangaza kuwa ya Kimarx na Kilenin. Chama cha EPRP, kilichokuwa na vijana wa chuo kikuu na kilichotaka serikali ya kiraia, kilikuwa cha Kimarx. Chama cha Meison, kilichosema wanajeshi waungwe mkono kwanza, kilikuwa cha Kimarx. Wapiganaji wa EPLF, waliopigania uhuru kule Eritrea, nao walikuwa na makada wao na mafunzo yao ya Lenin. Mtu wa upande wa dirisha na mtu wa upande wa mlango wangeweza kukamilishiana nukuu, na siku moja walifanya hivyo mbele yangu, wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla kila mtu akaangalia daftari lake.

Septemba 1976 Mengistu alinusurika kupigwa risasi. Watu wa EPRP walikuwa wameanza kuwaua viongozi wa kebele na wafuasi wa Meison mijini; Dergi nayo ikajibu kwa kipimo kisicho na mfano. Februari 1977 Mengistu aliwaondoa wenzake kwa risasi akashika usukani peke yake. Aprili alisimama uwanjani katikati ya Addis, akavunja chini chupa zilizojaa majimaji mekundu, akaahidi kwamba damu ya maadui wa mapinduzi itamwagika hivyo. Kampeni ikaitwa rasmi Ugaidi Mwekundu. Serikali nyingi huficha jina la uovu wao, hii ililitangaza redioni. Waliouawa hadi 1978 ni makumi ya maelfu, na wapo wanaokadiria zaidi ya hapo. Meison waliokuwa wakishangilia nao waliwindwa kabla mwaka 1977 haujaisha.

Maiti ziliachwa barabarani na vibao shingoni. Waliosalimika wamesimulia mara nyingi, na mama wa injera alinisimulia mwenyewe, kwamba familia iliyotaka mwili iliambiwa kwanza ilipie risasi. Na iliyopata mwili ilikatazwa kulia. Kwa Mwethiopia hilo si dogo. Kila mtaa una idir, chama cha kuzikana, chenye hema, sufuria na viti vyake. Mtu akifa, majirani huja na hema na kukaa na wafiwa siku kadhaa, kama matanga yetu. Kukataza matanga ni kuingia mahali ambapo hata mkoloni wa Kiitaliano, alipoikalia nchi ile 1936 hadi 1941, hakuweza kupafunga kabisa. Yule mama alisema walilia huku redio ikifunguliwa sauti ya juu, na kwamba nguo nyeusi zilivaliwa ndani, chini ya gauni la rangi. Jirani aliyekuwa mlinzi wa kebele alisikia na hakusema kitu. Alimtaja jirani huyo kwa heshima kuliko alivyomtaja kiongozi yeyote wa chama cha ndugu yake.

Katika hali hiyo vijana walipendana, bila shaka. Sijui mahali ambapo vijana waliacha. Mtu aliyekuwa chini ya ardhi, kama walivyosema wanachama wa siri, hakutakiwa kujua jina halisi la mwenzake, na mapenzi ni jambo linaloanza kwa kuulizana majina. Aliyelieleza vizuri kuliko wote ni Hiwot Teffera, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa na chuo kikuu cha Addis Ababa mwaka 2012, *Tower in the Sky*. Alikuwa mwanafunzi aliyetokea Harar. Akampenda Getachew Maru, mmoja wa viongozi wa EPRP, kijana aliyemfungulia vitabu na dunia. Getachew alipinga chama chake kuua watu mijini. Aliona hilo litawaletea vijana maangamizi. Chama kikamwita msaliti, kikamfungia, na mwaka 1977 kikamuua. Si Dergi. Ni wenzake. Hiwot alikuja kukamatwa na serikali akakaa gerezani miaka minane, akiwa mjane wa mtu aliyeuawa na upande aliokuwa akifungwa kwa ajili yake.

Wanafunzi wangu wa upande wa mlango hawakupenda kisa cha Getachew kitajwe. Kilikuwa kikizungumzwa kwa minong'ono miaka mingi kabla kitabu hakijatoka. Nadhani ndiyo sababu riwaya inahitajika mahali kama pale: chama kina orodha ya mashujaa na serikali ina orodha ya wasaliti, na mtu kama Getachew hana ukurasa kwenye orodha yoyote. Mwanamke aliyempenda ndiye aliyemhifadhi.

Kuna upande mwingine wa mapenzi ya wakati ule, mwepesi zaidi, na sitaki msomaji afikiri watu waliishi kwa machozi tu. Addis ya miaka ya mwisho ya mfalme ilikuwa na muziki wa tarumbeta na gitaa ambao leo unatafutwa duniani kote. Kafyu ilipoingia, usiku wa mji ulikatwa. Basi baadhi ya kumbi zikafunga milango watu wakiwa ndani, bendi ikapiga hadi alfajiri amri ilipoondoka. Karani wa wizara alisema alimchumbia mkewe hivyo: ukikosa kutoka kabla ya saa ya kafyu, huna budi kukaa, na baba wa msichana hana la kusema, maana kumtoa nje usiku ni kumpeleka kwenye risasi. "Kafyu ilituoza," alisema. Askari wa zamani wakaguna, lakini mama wa injera alicheka hadi akafuta macho kwa shuka yake.

Sasa Bealu. Alizaliwa Illubabor, magharibi ya Ethiopia, baba mfanyabiashara Mhindi na mama Mwethiopia. Akasoma Addis na kisha Marekani, Michigan, akarudi kuwa mwandishi wa habari na mhariri wa magazeti makubwa ya serikali, likiwemo *Addis Zemen*. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, mfalme bado yupo. Mapinduzi yakaja, akabaki kazini, akapanda. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 alikuwa na cheo cha katibu mkuu katika Wizara ya Habari. Kwa lugha nyingine, maneno ambayo taifa lilisomewa kila asubuhi yalipitia mezani kwake.

Mwaka 1982 Mengistu alianzisha Kampeni ya Nyota Nyekundu ya kumaliza vita vya Eritrea. Mawaziri na maofisa walihamia Asmara kwa miezi. Mipango ilikuwa mizuri kwenye karatasi: jeshi lipige, viwanda vifufuliwe, wananchi wavutwe. Bealu alipelekwa kuongoza upande wa habari. Asmara ilikuwa mji wa Waitaliano kwa nusu karne, na hata kwenye vita ilikuwa na mikahawa ya espreso, sinema Impero na barabara ya mitende ambako watu hutembea jioni wakitazamana. Huko milimani, Nakfa, wapiganaji wa EPLF walikuwa wamejichimbia mahandaki. Jeshi lilipiga na kupiga. Nakfa haikuanguka, na leo sarafu ya Eritrea inaitwa jina hilo.

Bealu aliporudi aliandika yote kama riwaya: mikutano ya maofisa wanaooneana wivu, majasusi kwenye mabaa, majigambo, vilima vilivyojaa maiti za vijana wa vijijini. Tsegaye wake ana kazi ileile aliyokuwa nayo yeye. Wakubwa wamebadilishwa majina tu. Kila aliyefanya kazi serikalini aliwatambua kwa sigara na kwa mazoea yao ya kusema. Jina *Oromay* ni neno la mitaa ya Asmara lenye asili ya Kiitaliano, la mtu anayekunja mikono kwamba mambo yamekwisha. Ilichapishwa mwaka 1983 na Kuraz, shirika la uchapishaji la serikali yenyewe, na baada ya siku chache tu ikaondolewa madukani. Bealu akafukuzwa kazi. Miezi ikapita. Halafu ile siku ya Februari.

Nakala zilizokuwa zimeshanunuliwa zikapita mkono kwa mkono na kwa bei ya magendo. Askari wangu wa upande wa dirisha aliisoma kambini, kwa tochi, akiwa amepewa usiku mmoja tu kwa sababu mwingine alikuwa akiingoja. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema aliogopa zaidi kufa Nakfa kabla hajajua kama Tsegaye atamrudia Roman. Jibu hilo limenisaidia kuliko makala nyingi nilizosoma. Udhaifu wa majenerali ulikuwa siri ya kila mtu. Askari wa mstari wa mbele hakuhitaji riwaya imwambie. Alichopewa na Bealu ni mtu mwenye kazi ya kusema uongo, anayeshindwa na moyo wake kwa sababu amempenda mtu wa upande ulioitwa adui. Fiammetta ana jina, ana nywele, ana hasira. Ukishampenda msichana wa Asmara kwa kurasa mia kadhaa, ni vigumu kuimba tena wimbo wa kuifagia Asmara.

Hapa kwetu tulijua nini? Kidogo sana. Kenya ya KANU ilikuwa rafiki wa Marekani na iliwaogopa wakomunisti kama ukoma, ila si wakomunisti wa Addis. Mwaka 1979 nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa urafiki na ushirikiano, kwa kuwa zote ziliiogopa Somalia, iliyodai Ogaden kwao na kaskazini mashariki kwetu. Basi redio yetu haikuwa na la kusema juu ya kebele. Na tusijifanye watazamaji wasafi. Machi 1982 ukumbi wa Kamĩrĩthũ ulibomolewa kwa sababu ya tamthilia. Februari 1987 polisi walikusanya nakala za riwaya ya *Matigari* madukani, na kwa masimulizi ya mwandishi wake Ngũgĩ mwenyewe, kabla ya hapo ilitolewa amri Matigari akamatwe, mhusika wa kitabu, kana kwamba ana nyumba na shamba. Tofauti yetu na Addis ilikuwa ya kiasi, na kiasi katika mambo haya ni maisha ya watu, kwa hiyo siidharau.

Riwaya za kihistoria, zile zinazotazama nyuma, zilikuja baadaye na kwa kalamu za walioondoka wakiwa wadogo. Maaza Mengiste alizaliwa Addis mwaka 1971, akaondoka na wazazi wake akiwa mtoto, akapitia Nigeria na hapa Kenya kabla ya Marekani. *Beneath the Lion's Gaze* yake ya 2010 ina daktari, Hailu, anayeletewa msichana aliyeteswa ili amtibu arudishwe kwenye mateso, na daktari akamsaidia kufa. Mwanawe Dawit huokota maiti usiku azirudishe kwa mama zao. Ni kitabu kizuri. Nina neno moja tu la kulalamika: waovu wake ni rahisi kuwatambua, na wema wake hawaonekani mara nyingi kwenye foleni ya sukari. Bealu aliyeandika akiwa ndani hakuweza kujipa raha hiyo.

Mwaka 2006 mahakama ya Addis ilimkuta Mengistu na hatia ya mauaji ya kimbari, naye hayupo, yuko Zimbabwe. Gereza la Alem Bekagn, ambako mawaziri na maofisa wa mfalme waliuawa Novemba 1974 na ambako vijana wengi wa miaka iliyofuata walifungwa, lilibomolewa. Mahali pake pamejengwa makao makuu mapya ya Umoja wa Afrika, yaliyofunguliwa 2012. *Oromay* imetoka kwa Kiingereza mwaka 2025. Ningependa itoke kwa Kiswahili, na itoke moja kwa moja kwenye Kiamhari; watu wanaozijua lugha zote mbili wako tele Nairobi, wengine niliwasahihishia ngeli mimi mwenyewe.

Ila chumba kile hakikukubaliana kamwe kuhusu mwandishi. Jioni moja kijana wa chuo kikuu, aliyefungwa miaka ya mwisho ya utawala ule, alisimama akasema Bealu asifanywe shujaa. Alikula mkate wao. Alihariri uongo wao miaka tisa, akaandika ukweli mwaka mmoja. Upande wa mlango ukaitikia. Askari akafungua kinywa akafunga.

Mama wa injera hakuinua uso kutoka kwenye daftari. "Kaka," alisema, kwa Kiswahili ili nami nielewe, "na wewe sukari ulichukua duka gani?"